Mkono wa Mama Phares: Maisha ya Phelister Aloo wa Kaloleni, 1936–1988

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha jiko, Mama Phelister Aloo aliwasha redio. Aliisikiliza taarifa ya habari akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye kitufe na mwingine kiunoni, na nyumbani hakuna aliyeruhusiwa kuburuta kiti wala kukohoa hadi msomaji amalize kutaja wageni wa taifa. Akisikia kwamba rais au waziri wa nchi fulani anawasili, aliizima redio hapo hapo, akafungua mlango na kupaza sauti kuelekea nyumba za upande wa pili: "Lori linakuja! Nani alibaki na sketi yangu ya katani?" Asiposikia mgeni yeyote, aliwasha jiko kama watu wengine.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1936 huko Gem, katika wilaya ambayo leo inaitwa Siaya. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Yona na Mama Dorsila, wote wawili wametangulia. Babake alikuwa mpiga ngoma kanisani, na ndugu zake husimulia kwamba Phelister alijua kufuata mdundo kabla hajajua kutembea vizuri.

Alisoma katika shule ya misheni karibu na kwao hadi darasa la sita. Mwalimu wa kuimba alimpa filimbi na kazi ya kupanga watoto wenzake kwenye gwaride la sherehe za kifalme, siku ambayo mkuu wa wilaya alikuja na mkewe. Wakati wa gwaride mvua ilinyesha. Wageni walikimbilia ndani, walimu wakawafuata, na watoto wakabaki uwanjani kwa sababu Phelister hakuwa ameambiwa apulize filimbi ya kuwatawanya. Walilowa hadi mtu mmoja alipowakumbuka. Kila aliposimulia kisa hicho alicheka, kisha akaongeza kwamba tangu siku hiyo alijua wageni huja kuangalia, na mvua ikinyesha huenda zao.

Tarehe 8 Januari 1955 alifunga ndoa kanisani na Bwana Caleb Ohola, fundi wa reli. Mwaka 1957 alimfuata mumewe Nairobi, wakapata nyumba hapa Kaloleni, na hapa ndipo alipoishi hadi mwisho. Walijaliwa watoto wanne. Wa kwanza alikuwa Phares, na kwa jina lake mtaa mzima ulimwita mama yetu Mama Phares.

Kazi yake ilikuwa kushona. Kwa miaka mingi cherehani yake ilikaa kwenye veranda ya nyumba, na wengi mlioko humu ukumbini mlivaa sare za shule zilizotoka mikononi mwake. Lakini mtaa ulimjua zaidi kwa ngoma. Mwaka 1968 alianzisha kikundi cha akina mama kilichoitwa Nyota ya Kaloleni pamoja na rafiki yake Lydiah Waruguru, mwenye bucha soko la Burma. Mmoja Mjaluo, mwingine Mkikuyu, na katika kikundi walikuwamo Wakamba, Waluhya, hata Mumina, jirani yetu kutoka Eastleigh aliyecheza akiwa amejifunika vizuri na bado akawashinda wengine kwa mabega. Mama Waruguru alizoea kusema, "Mimi sijui maneno ya hizi nyimbo zenu, lakini mwili unaelewa."

Serikali ikawa inaleta lori kuwachukua kila mgeni mkubwa alipokuja. Walipelekwa uwanja wa ndege wa Embakasi alfajiri, wakapangwa kando ya zulia jekundu, wakasubiri. Mama aliwapanga wawili wawili, bega kwa bega, mistari imenyooka, kwa sababu kapteni mmoja wa itifaki alimwambia kwamba wawili wawili hupendeza kwenye picha. Filimbi fupi mbili ilikuwa kucheza. Filimbi moja ndefu ilikuwa kuketi chini, kwa maana ndege za wakubwa huchelewa na jua la pale halina huruma. Walizoea hivyo hata wakawa hawafikirii. Walienda wawili wawili kanisani, wawili wawili matangani, wawili wawili kununua sukari.

Pale kando ya zulia mama alisoma mambo ambayo mimi nilikuja kuyasoma chuo kikuu kwa maneno marefu. Alisema mgeni aliyeleta pesa utamjua, kwa kuwa mawaziri wetu hutembea nusu hatua nyuma yake. Mgeni aliyekuja kuomba kitu utamjua, kwa kuwa yeye ndiye anayecheka kwanza. Na akija mgeni wa kuuliza maswali kuhusu magereza, alisema, "siku hiyo hata lori letu huoshwa." Aliona pia kwamba mwaka wa uchaguzi, mabalozi wakianza kupita mitaani, taa za barabarani Kaloleni huwaka. Uchaguzi ukiisha, taa huzimika na vijana wenye rungu hurudi kwenye pembe zao.

Mheshimiwa wetu, mbunge wa hapa, ambaye sina haja ya kumtaja kwa jina, alichaguliwa mara ya kwanza mwaka 1979. Wakati huo alikuwa mtu wa watu. Alikula nyama Burma akiwa amekunja mikono ya shati, akataniwa na Mama Waruguru: "Mheshimiwa, hii mbavu umeitafuna kama una hasira na ng'ombe." Alicheka. Baada ya muda aliacha kucheka. Alikuja na msafara, kisha na fimbo, kisha na kundi la vijana wa chama lililoongozwa na mtu aliyejiita Kamanda. Mtu akimpinga kwenye mkutano, Mheshimiwa hakumjibu. Alimtazama Kamanda tu, na jioni mtu huyo alikuwa ameng'olewa meno. Wenye vibanda walianza kumpigia makofi kabla hajasema kitu.

Tarehe 1 Agosti 1982, Jumapili, asubuhi ile ya jaribio la kupindua serikali, ambayo redio ilipiga muziki wa kijeshi na milio ya bunduki ikasikika kutoka upande wa Eastleigh, kaka yetu Phares alikuwa anarudi nyumbani kutoka zamu ya usiku kwenye karakana ya reli. Alipigwa risasi ya shingo barabarani, karibu na Burma. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Mama alimkuta amelala kando ya mtaro, kopo lake la chai bado mkononi, na inzi wamefika kabla yake. Hadi leo hatujui risasi ilitoka kwa nani. Mtu mmoja mwenye koti alikuja nyumbani akasema kwa upole, "Mama, ukisema risasi, wataanza kuuliza kijana alikuwa anafanya nini nje. Sema ajali. Mtapewa mwili haraka." Wazazi wangu wakasema ajali. Kwenye mazishi ikasomwa ajali. Kabla ya mwezi huo kwisha, mgeni wa kwanza wa taifa akaja kuuonyesha ulimwengu kwamba nchi imetulia, na lori likaja kuchukua Nyota ya Kaloleni. Mama alienda. Alipuliza filimbi na akacheza. Wapo waliomsema vibaya kwa hilo. Aliporudi alipanda kitandani na viatu, na asubuhi iliyofuata akawasha redio.

Sasa nitasimulia habari ya mlolongo. Najua miongoni mwetu wako waliotumwa kusikiliza. Karibuni, viti vipo.

Mwaka huu wa 1988 wanachama waliambiwa wasipige kura ya siri katika uteuzi wa mgombea ubunge. Wangejipanga nyuma ya mtu aliyeshika picha ya mgombea wanayemtaka, karani angehesabu, na basi. Anayepata zaidi ya asilimia sabini angepita moja kwa moja, bila kura ya siri baadaye. Aliyejitokeza kumpinga Mheshimiwa alikuwa Mwalimu Nzomo, mwalimu mkuu mstaafu, mtu mpole ambaye kwenye mikutano alisubiri watu wamalize kuongea ndipo naye aongee. Watu walimpenda, ila kila aliyeombwa kushika picha yake alikumbuka ana safari. Mama akasema ataishika yeye.

"Mama Phares, hao watakuua," baba alimwambia.

"Wataniua wakinitazama usoni. Mimi nimewashonea kaptula."

Tarehe 22 Februari, asubuhi, watu walifika uwanjani. Nyuma ya picha ya Mheshimiwa mstari ulijipindapinda, na ndani yake tuliona sura ambazo hazijawahi kuonekana Kaloleni. Nyuma ya mama walianza kujipanga Nyota ya Kaloleni, na nyuma yao wanaume wa reli, wauza mboga, na vijana. Kando ya uwanja lilisimama gari la ubalozi lenye namba nyekundu. Ndani yake alikaa kijana mzungu aliyevaa tai, akiangalia na kula mkate. Kwa sababu ya gari hilo, Kamanda na watu wake walikuwa wameficha rungu kwenye magunia.

Karani alianza kuhesabu upande wetu. Alitembea kando ya mstari akigusa bega moja baada ya jingine. Alikuwa amefika katikati Mama Waruguru alipogutuka.

"Aloo! Angalia! Tunahesabiwa kama soksi!"

Ndipo mama akageuka akaona. Akina mama walikuwa wamejipanga wawili wawili, bega kwa bega, kama Embakasi. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Waliofika baadaye waliona mpangilio, wakafuata. Karani alikuwa anagusa bega la kushoto la kila safu na kuhesabu mmoja, kwa hiyo kila wawili wetu walikuwa mtu mmoja. Kwa hesabu hiyo Mheshimiwa angepita asilimia sabini na mambo yangeishia pale.

"Karani," mama alisema, "hapa kuna watu wawili. Na hapa wawili. Rudi mwanzo."

"Mama, mimi nahesabu safu."

"Safu haina kadi ya chama. Gusa kila mtu."

"Muda wa kuhesabu umekwisha."

"Basi ngoja tujitenganishe uone mwenyewe." Akapaza sauti, "Mmoja mmoja! Akina mama, mmoja mmoja!"

Mstari ulianza kurefuka. Ulipita nguzo ya goli, ukapita mtaro, ukawa mrefu kuliko ule mwingine. Na hapo Kamanda akapiga kelele kwamba watu wa Nzomo wanaongeza watu, kwamba wameletwa na balozi, kwamba wamelishwa na wazungu. Magunia yakafunguliwa.

Kijana wa ubalozi aliinua kichwa. Dereva wake alirudisha gari nyuma, akageuza, wakaenda zao. Sisemi hivi kwa ubaya. Walikuwa na amri zao. Lakini wote tuliokuwa pale tuliona kwamba pigo la kwanza lilitua baada ya gari lile kupinda kona.

Walianzia mwisho wa mstari. Fundi mmoja wa reli alipigwa mdomoni kwa rungu lenye nati ya chuma. Mumina alivutwa kwa buibui hadi akaanguka, akapigwa mateke tumboni. Watu walianza kukimbia na kukanyagana, na mzee mmoja wa Makongeni akakanyagwa shingoni. Mama aliona kwamba wakikimbia wataumia zaidi, na mstari utakuwa haupo. Akatia filimbi mdomoni, akapuliza moja ndefu.

Akina mama wakaketi.

Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Wanawake wale, katikati ya rungu na vumbi na damu, waliketi chini mahali walipokuwa kwa sababu ya filimbi, kama walivyoketi miaka ishirini wakisubiri ndege. Kwa muda kidogo vijana wa chama hawakujua la kufanya. Mmoja alisikika akimwambia mwenzake, "Sasa hawa mathee tunawafanyaje?" Mama peke yake ndiye aliyebaki wima, picha ya Mwalimu Nzomo ameiinua juu kwa mkono wa kulia.

Kamanda alimwendea. "Leta hiyo picha, mathee."

"Nikikupa utaishika vizuri?"

"Nimesema leta!"

"Wewe ni mtoto wa Wacera," mama alimwambia. "Nilikushonea shati la kipaimara."

Kamanda akampiga mkono kwa nondo. Mfupa ulivunjika sehemu mbili, na waliokuwa karibu waliusikia. Picha ikaanguka. Mama aliiokota kwa mkono wa kushoto, akapigwa mgongoni, akaendelea kuishika hadi alipopoteza fahamu. Waliokuwa wameketi walipigwa wakiwa wameketi. Mama Waruguru alishonwa kichwa. Wengine watatu walitupwa selo kwa kosa la kuvuruga uteuzi. Jioni redio ilitangaza kwamba Mheshimiwa amepita bila kupingwa na kwamba shughuli ilikuwa ya amani.

Mama alifungwa plasta, akarudi nyumbani. Kwa wiki nzima alikuwa anasema jambo moja tu: "Wawili wawili. Mimi ndiye niliyewafundisha wawili wawili." Mama Waruguru, bandeji kichwani, alimjibu, "Aloo, acha upuzi. Hata tungejipanga kama mkufu wangetupiga. Kwanza nipe chai, na usiweke maziwa kama mchoyo."

Wale watatu waliendelea kukaa selo. Machi ikapita, Aprili ikapita, na mfupa wa mama ukawa bado haujaunga. Kisha ikasikika kwamba balozi, yule ambaye gari lake lilikuwa uwanjani, angetembelea Kaloleni. Nchi yake ilitaka kutoa msaada wa kujenga soko na karakana ya kushona, na ilikuwa imesema kwamba kabla ya kutia sahihi ingependa kuona watu wenyewe na kusikia uchaguzi ulikwendaje.

Mheshimiwa alikuja nyumbani kwetu mwenyewe, bila msafara. Aliketi kwenye kiti cha baba, akapokea chai, akausifu mkate. Alikuwa tena yule wa mwaka 1979.

"Mama Phares," alisema, "wale akina mama watatu watatoka kesho. Nimezungumza na wenyewe."

"Asante, Mheshimiwa."

"Soko litajengwa. Karakana utaisimamia wewe. Ninachoomba ni ngoma moja tu. Umewachezea wageni miaka yote hii."

"Kucheza nitacheza."

"Sasa, huyu balozi ana macho. Ataona hiyo plasta, atauliza." Alikoroga chai ingawa sukari ilikuwa imeyeyuka. "Ulianguka, Mama Phares. Watu huanguka."

Mheshimiwa akamgeukia baba. "Mzee Ohola, umebakisha miaka mingapi reli? Mitatu? Itakuwa vibaya mtu kuhamishwa Magadi akiwa na miaka mitatu. Na hizi nyumba, unajua zina watu wengi wanaozingojea."

Alipoondoka, baba aliiacha chai yake hadi ikapoa. Kisha akamwita binti wa Gem kwa Kijaluo: "Nyar Gem, sema umeanguka. Mimi nitakuwa wa kwanza kuamini."

Wale watatu walitoka kesho yake kweli. Mmoja alikuwa hawezi kutembea vizuri kwa sababu ya kuchapwa nyayo. Ningependa tuseme haki: kama balozi asingekuja, huenda wangekuwa ndani hadi leo. Barabara zilifagiliwa, mitaro ikazibuliwa, na ukumbi huu tuliomo ukapakwa rangi hii mnayoiona.

Tarehe 9 Juni akina mama walicheza hapa, mbele ya jukwaa hili. Mama aliongoza kwa mkono mmoja, plasta ikiwa chini ya leso. Balozi alikuwa mtu mrefu, mwenye haya, ambaye hakujua aweke wapi mikono yake. Ngoma ilipokwisha alishuka kumsalimia, leso ikateleza. Balozi akazungumza Kiswahili alichojifunza vitabuni, polepole.

"Pole sana, mama. Mkono wako umepatwa na nini?"

Mheshimiwa alikuwa amesimama nusu hatua nyuma yake. Kamanda alikuwa mlangoni, amevaa suti. Baba aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa kwenye ukuta ule wa nyuma.

"Ulivunjwa," mama alisema. "Walitupiga kwenye mlolongo. Huyu aliye mlangoni ndiye aliyenivunja. Mtu wako alikuwapo, mwulize. Ila aliondoka mapema."

Balozi aligeuka mwekundu. "Nimeelewa," alisema. Alimshika mama mkono wa kushoto kwa mikono yake yote miwili, akaushika kwa muda. Kisha akapanda jukwaani akahutubia kuhusu urafiki wa nchi mbili. Mama Waruguru alikuja ukutani akaninong'oneza, "Ameelewa nini, na bado anasoma karatasi ile ile?"

Baada ya siku chache msaada ulitiwa sahihi. Gazeti lilichapisha picha ya balozi na Mheshimiwa wakipeana mikono, na chini yake maneno ya balozi kwamba nchi yake inaheshimu mambo ya ndani ya Kenya. Nilielezwa baadaye na mtu anayejua mambo hayo kwamba balozi alilalamika kwa siri, na kwamba katika kazi yake hilo ni jambo kubwa. Sina sababu ya kutomwamini. Nasema tu kwamba Mheshimiwa naye alisoma gazeti, na akajua kwamba hakuna kitakachomzuia tena.

Walikuja nyumbani tarehe 25 Juni, Jumamosi, saa tisa mchana, jua likiwaka na majirani wakianika nguo. Walikuwa sita. Walivunja cherehani kwanza. Walichukua gurudumu lake la chuma wakampiga nalo kichwani na kwenye figo, na walipochoka walimkanyaga plasta hadi ikapasuka. Baba alijaribu kumlalia, wakamvunja mbavu. Mama Waruguru alitoka Burma akikimbia na kisu cha bucha, na ni yeye aliyewafukuza. Leo anakitumia kisu hicho kukata nyama, na hataki asifiwe.

Mama hakupona tena. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena. Kichwa kilimwuma bila kupoa, jicho la kushoto likapoteza nuru, kisha figo zikaanza kukataa kazi. Ubalozi ulimtumia kikapu cha matunda chenye kadi isiyo na jina la mtu. Alikipapasa, akasema, "Hili ni nanasi, hili ni tofaa. Mwenyewe ndiye sijamfahamu." Akawagawia wagonjwa wenzake wote. Baba alihamishwa Magadi mwezi Julai, na kila mwisho wa wiki alisafiri kuja kuketi kando ya kitanda chake na kumsomea gazeti, akiruka kurasa za siasa. Mama alijua, akamwachia.

Alifariki tarehe 30 Oktoba 1988, alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Tumeshauriwa na watu wanaotutakia mema tuseme ni shinikizo la damu. Mama yetu alikufa kwa kupigwa.

Ameacha mume wake, Mzee Caleb Ohola, watoto wake Rusalia, Daudi, na Wilkista aliyeandika haya, wakwe wawili, wajukuu watano, ndugu zake wa Gem, Mama Lydiah Waruguru, ambaye familia inamhesabu kuwa dada, na akina mama wote wa Nyota ya Kaloleni. Mwili utaondoka hapa leo mchana kwenda Gem, ambako atazikwa kesho karibu na mwanawe Phares. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza bila kuuliza ni nani atakayekasirika. Mwenyezi Mungu amlaze mahali penye utulivu, na sisi atupe nguvu ya kurudi nyumbani kwetu.

Wiki ya mwisho, nilipokuwa namlisha uji, nilikuwa na maswali mengi na sikuwahi kuwa hodari wa kuuliza. Nilimwuliza moja. Nilimwambia, "Mama, si ungesema tu kwamba ulianguka? Balozi angeondoka vilevile, soko lingejengwa vilevile, na wewe ungekuwa nyumbani."

Alimaliza kwanza uji uliokuwa mdomoni.

"Sikuanguka," akasema.